Kutu Haifunikwi kwa Rangi

Mwezi huu tutazungumza juu ya kutu katika bodi ya gari la zamani.

Tuseme wewe na wenzako hapo Mtendeni mmechanga fedha. Mnataka kununua gari la zamani la kubebea mazao. Mmeonyeshwa gari. Limepakwa rangi mpya na linang'aa. Ndugu, msilipe bado. Wahenga walisema: Nyumba nzuri si mlango, fungua uingie ndani. Huenda chini ya rangi hiyo kuna kutu. Msipochunguza, fedha zenu za jasho zitakwishia kwa fundi. Tena mtu anaweza kuumia.

KUTU NI NINI?

Wazee wetu waliijua sana kazi ya chuma. Wahunzi wa Usumbwa walichukua mawe yenye chuma wakayachoma kwa makaa katika tanuru, huku wakivukuta. Walipata chuma wakafua majembe. Katika karne ya 19 majembe hayo yaliletwa kuuzwa Tabora, yakabebwa na wapagazi katika njia za misafara.

Katika jiwe lile, chuma kimeshikana na oksijeni, yaani ile sehemu ya hewa tunayoihitaji tunapopumua. Moto wa makaa huitoa oksijeni, chuma kikabaki. Kutu ni kinyume cha kazi hiyo. Chuma kikipata maji na hewa, hushikana tena na oksijeni. Chuma kinarudi kuwa kama udongo mwekundu kilikotoka.

Kutu ina unene kuliko chuma ilichokula. Ndiyo maana huinua rangi. Ukiona rangi imefura kama lengelenge, ujue kutu iko chini yake.

Chumvi huongeza kasi ya kutu. Chumvi ya Uvinza imetengenezwa na kuuzwa kwa zaidi ya miaka 1,000. Mpagazi aliibeba bila taabu hiyo. Lakini ikimwagika katika gari na kupata unyevu, sakafu ya chuma huliwa upesi. Mbolea ya chumvichumvi nayo ni hivyo hivyo.

JINSI YA KUCHUNGUZA

Tafuta sumaku. Spika ya redio iliyoharibika ina sumaku nzuri. Ifunge katika kitambaa ili isikwaruze rangi. Ipitishe polepole juu ya bodi. Penye chuma itanata. Ikifika mahali isinate, huenda pana puti nene iliyoziba tundu.

Lakini angalia: Land Rover za zamani ni tofauti. Gari hilo lilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948. Wakati huo, baada ya Vita Kuu ya Pili, chuma kilikuwa haba. Kwa hiyo mabati mengi ya bodi yalitengenezwa kwa aluminiamu, kama sufuria. Sumaku hainati katika sufuria, wala haitanata katika madigadi ya Land Rover hiyo. Hilo si kosa. Chunguza sehemu zake za chuma: chasisi, fremu za milango, na ukuta ulio kati ya injini na dereva. Ingia chini ya gari. Angalia zaidi mwamba wa nyuma wa chasisi, maana tope hukaa hapo.

Kisha gonga kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima hulia. Chuma kilicholiwa hutoa sauti nzito isiyolia. Bonyeza mahali hapo kwa ncha ya bisibisi. Ikizama, chuma kimekwisha.

Tazama pia mabomba ya breki yanayopita katika chasisi. Bomba lililoliwa na kutu linaweza kupasuka siku dereva anapokanyaga breki kwa nguvu. Bomba hilo halizibwi. Hubadilishwa.

JINSI YA KUTENGENEZA

Fundi wengine huweka puti juu ya kutu na kupaka rangi. Mwenye gari hufurahi, maana bei ni ndogo. Mvua zinapoanza mwezi wa Novemba, maji hupenya. Haichukui muda mrefu, puti hudondoka na tundu huwa kubwa kuliko mwanzo. Mwenye gari hulipa mara mbili. Kazi ya kweli huenda hivi:

1. Fungua waya za betri. Toa viti, mikeka na kila kinachoweza kushika moto. Weka ndoo ya mchanga na ndoo ya maji karibu.

2. Kwangua rangi kwa brashi ya waya. Kama kutu iko juu tu na chuma ni kizima, sugua kwa msasa mpaka king'ae. Hapo hakuna haja ya kukata.

3. Kama chuma kimetoboka, kata mpaka ufike kwenye chuma kizima kinachong'aa. Usihurumie bati bovu. Kipande kikichomelewa kwenye kutu hakishiki.

4. Kata kartoni kwa umbo la tundu. Tumia kartoni hiyo kupimia bati jipya. Bati liwe na unene wa milimita 1 hivi.

5. Chomelea kwa nukta nukta, huku na huku. Acha bati lipoe, kisha endelea. Ukichomelea mfululizo, bati hupata joto jingi na kupinda.

6. Sawazisha kwa tupa. Paka rangi nyekundu ya chuma, ile iitwayo redi oksaidi, upande wa nje na upande wa ndani. Fundi wengi husahau upande wa ndani, na kutu huanzia huko.

7. Sasa weka puti nyembamba ya kusawazisha tu. Piga msasa, kisha paka rangi ya gari.

Bati la aluminiamu halichomelewi kwenye chuma. Hufungwa kwa riveti. Paka rangi, au weka mpira mwembamba, kati ya madini hayo mawili. Yakigusana penye maji, aluminiamu huliwa.

Chasisi si kazi ya bati jembamba. Ndiyo inayobeba injini, mzigo na watu. Mpe fundi mzoefu, atumie bamba nene.

MAMBO YA HATARI

Usichomelee karibu na tangi la mafuta. Lishushe liwekwe mbali. Tangi tupu nalo ni hatari, kwa sababu mvuke wa petroli uliobaki ndani yake hulipuka.

Usitumie bati la kuezekea nyumba. Ni jembamba, tena limepakwa zinki. Likichomelewa hutoa moshi mweupe. Mtu akiuvuta anaweza kupata homa na kutetemeka, akadhani ana malaria. Watu wengi huamini kwamba kunywa maziwa huzuia sumu hiyo. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayazuii moshi kuingia mapafuni.

Mwanga wa kuchomelea huunguza macho. Fundi avae kioo cheusi cha kazi hiyo. Miwani ya jua haitoshi. Watoto hupenda kusimama na kutazama cheche. Waondoeni. Mtoto akitazama mwanga huo mchana, usiku anaweza kulia macho kana kwamba yametiwa mchanga.

KINGA

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kuzuia kutu hakuhitaji fedha nyingi:

Osha gari upande wa chini pia, siyo juu tu. Tope likikaa ndani ya madigadi hushika maji muda mrefu.

Likibeba chumvi au mbolea, lifagie na kulimwagia maji mengi siku hiyo hiyo. Liache likauke.

Chini ya milango mna vitundu vidogo. Si ubovu. Ni njia ya maji kutoka. Zibueni kwa kijiti.

Rangi ikikwaruzwa, paka nyingine mapema, hata kama haifanani sana. Chuma hakijali uzuri wa rangi. Kinataka kufunikwa kingali safi.

Mkienda kwa fundi, mwambieni hivi: "Kabla hujaweka puti, tuite tuone." Fundi mwema hatachukia. Atawaonyesha chuma kinachong'aa, nanyi mtajua fedha yenu imefanya kazi. Akikataa kuwaonyesha, tafuteni mwingine.

Ndugu msomaji, wazungumzieni wenzako habari hizi kabla ya kutoa fedha. Wasomee wasiojua kusoma. Fedha ya kikundi ni ya wote, na wanaopanda gari hilo ni watoto wenu na wagonjwa wenu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini gari linalobeba mbolea huliwa na kutu upesi?

2. Sumaku isiponata kwenye bodi, maana yake inaweza kuwa nini? Taja mambo mawili.

3. Katika baiskeli, plau na majembe yenu, ni wapi maji hukaa? Mtafanya nini kabla ya mvua kuanza?