WAZO JIPYA LISIZOMEWE



Mkutano uliopita kijana mmoja alishauri tuache kuuza alizeti ghafi. Tukamue wenyewe, tuuze mafuta, na mashudu yalishe ng'ombe wetu. Akazomewa, eti anaota! Jamani, hilo si jema.

Tukumbuke M-Pesa ya jirani zetu Kenya. Majaribio ya mwaka 2005 yalikuwa ya kulipia marejesho ya mikopo midogo. Wananchi wakaanza kutumiana fedha kwa njia hiyo. Wenye kampuni hawakuwazomea, waliwatazama wakajifunza, na mwaka 2007 wakaizindua kwa kazi hiyo.

Hatusemi tukurupuke. Tukamulishe magunia machache, tupige hesabu mbele ya wote. Tukipata hasara, itakuwa ya magunia hayo tu. Mkutano ujao kijana huyo apewe nafasi amalize maneno yake.