Klachi ama otomatiki? Mnunuzi wa gari la spoti apime barabara, fundi na mfuko

KILA mashindano ya magari ya Safari Rally yanapotua Naivasha, mashabiki wanaojipanga kandokando ya njia za Kedong na Soysambu hushuhudia jambo ambalo wengi wao hawalitilii maanani. Ndani ya gari lililojaa mitambo ya thamani kubwa, dereva huonekana akiuondoa mkono mmoja kwenye usukani na kuuvuta au kuusukuma mkono wa gia, tena na tena, huku vumbi likimfunika.

Si kwamba wahandisi walishindwa kumpunguzia kazi hiyo. Magari yaliyoshiriki mbio za dunia kati ya 2017 na 2021 yalibadilishwa gia kwa kibapa kidogo kilicho nyuma ya usukani. Kanuni za kundi la Rally1 zilizoanza kutumika 2022 ndizo zilizokiondoa kibapa hicho, zikaurejesha mkono wa gia na kupunguza gia kutoka sita hadi tano. Nia ilikuwa kupunguza gharama.

Ajabu ni kwamba magari yanayouzwa kwa raia wa kawaida yalikuwa yakielekea upande mwingine. Toyota ilipoanza kuuza GR Yaris mwaka wa 2020, gari hilo dogo lenye injini ya silinda tatu lilikuwa na klachi na gia sita za mkono. Januari 2024, kampuni hiyo ikatangaza toleo jipya linaloweza kununuliwa na giaboksi ya otomatiki yenye gia nane. Hivyo basi, mwenye fedha anaweza kumiliki gari lenye jina sawa na lile lililonyakua nafasi nne za kwanza katika Safari ya 2022, na mguu wake wa kushoto usiwe na kazi yoyote.

Kinaya hicho kinaonyesha jinsi mjadala wa zamani baina ya wapenzi wa magari ya spoti ulivyogeuka. Kwa miaka mingi swali lilikuwa moja: kati ya klachi na otomatiki, ni ipi iliyo na kasi zaidi? Swali hilo limekwisha kujibiwa. Lililobaki ni gumu zaidi, kwani halijibiwi na saa ya kupimia mwendo.

Ni kweli kwamba hapo awali otomatiki ilistahili kudharauliwa. Giaboksi za kale zilikuwa na gia tatu au nne tu, na nguvu za injini zilipitia katika mafuta kabla ya kufika kwenye magurudumu. Sehemu ya nguvu hizo ilipotea njiani. Gari lilikunywa petroli nyingi, na dereva alipokanyaga mafuta ili kulipita lori, mashine ilisitasita kana kwamba inaomba ruhusa. Aliyetaka kasi hakuwa na budi kutumia klachi.

Mageuzi yalianzia kwenye viwanja vya mashindano. Mwaka wa 1989, Nigel Mansell alishinda mbio za Brazil akiendesha Ferrari ambayo gia zake zilibadilishwa kwa vibapa vya usukani. Mwaka wa 1997, Ferrari ikauhamishia mtambo huo kwenye gari la barabarani, F355. Nayo Porsche ilikuwa imejaribu giaboksi ya klachi mbili katika magari yake ya mashindano miaka ya themanini, na mwaka wa 2008 ikaitia kwenye 911 kwa jina la PDK.

Siri ya giaboksi ya klachi mbili ni rahisi kueleza. Klachi moja husimamia gia ya kwanza, ya tatu na ya tano. Nyingine husimamia ya pili, ya nne na ya sita. Gari likiwa katika gia ya tatu, ile ya nne huwa tayari imeshikwa, ikingoja zamu yake. Wakati wa kubadilisha ukifika, klachi moja huachia na nyingine hushika papo hapo. Injini haipumziki na turbo haipotezi pumzi. Hakuna binadamu, awe hodari namna gani, anayeweza kushindana na wepesi huo kwa mkono na mguu.

Takwimu za Porsche yenyewe zinathibitisha. Gari lake la 911 GT3 lililozinduliwa 2021 hufika kasi ya kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 3.4 likiwa na PDK. Lenye klachi huchukua sekunde 3.9. Nusu sekunde ni kitu kidogo kwa aendaye sokoni, lakini katika mashindano ni umbali wa magari kadhaa. Mgala muue na haki yake umpe: kwa kasi ya kuondoka, otomatiki ya kisasa imeshinda.

Hata hivyo, takwimu hizohizo zina upande wa pili. GT3 ya klachi ina uzito wa kilo 1,418 ilhali ya PDK ina kilo 1,435. Aidha, mwendo wa juu kabisa wa ile ya klachi ni kilomita 320 kwa saa, mbili zaidi ya mwenzake. Mashine iliyo nyepesi na isiyo na mambo mengi bado ina la kujivunia.

Baada ya ushindi huo wa otomatiki, kampuni nyingi ziliamua kwamba klachi imepitwa na wakati. Nissan GT-R ilipozinduliwa 2007 haikuwa na klachi ya mguu. Ferrari 458 Italia ya 2009 haikuwa nayo hata kwa kuagiza. Lamborghini ikafuata njia iyo hiyo na Aventador mwaka wa 2011. Mwaka wa 2013, Porsche nayo ikaitoa GT3 mpya ikiwa na PDK pekee.

Hapo ndipo wateja walipowashangaza watengenezaji. Wanunuzi wa GT3, ambao ni watu wanaopenda kasi kuliko wengi, walilalamika kwamba wamepewa gari la kasi zaidi lakini wamenyang'anywa kazi waliyoipenda. Mwaka wa 2016 Porsche ikatengeneza 911 R, magari 991 tu, yote ya klachi. Yaligombaniwa na kuuzwa upya kwa bei iliyozidi kwa mbali ile ya dukani. Mwaka uliofuata klachi ikarejeshwa kwenye GT3, na mnunuzi akaachiwa achague bila kulipa zaidi.

Toyota nayo ilipitia njia kama hiyo. Ilipoifufua Supra mwaka wa 2019 iliitoa ikiwa ya otomatiki pekee. Kelele za wapenzi wa gari hilo zilipozidi, gia za mkono zikaongezwa mwaka wa 2022.

Funzo ni kwamba kuna wanunuzi wasiotafuta kufika mapema. Wanataka kushiriki katika safari. Kuisikiliza injini, kukisia mwendo wa kona inayokuja, kukanyaga klachi na kuteremsha gia kwa wakati ufaao ni ufundi ambao mtu hujifunza kwa miaka, na anapoupata huuonea fahari. Kwenye barabara ya umma, ambako sheria inamzuia dereva kutumia hata nusu ya nguvu za gari lake, ile nusu sekunde ya otomatiki haina pa kutumika. Raha ya kubadilisha gia, kinyume chake, hupatikana hata kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa.

Kwa Mkenya, mjadala huu una uzito wa aina yake. Wachache mno wanaweza kumudu Porsche. Gari la spoti ambalo vijana wengi wa Nairobi, Nakuru na Eldoret huliota ni Subaru Impreza WRX au Mitsubishi Lancer Evolution. Mapenzi hayo hayakutoka hewani. Colin McRae alishinda Safari ya 1997 akiwa katika Impreza, na Richard Burns akafanya vivyo hivyo mwaka wa 2000.

Karibu magari hayo yote huja kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, na sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi umri wa miaka minane. Hapo ndipo chaguo linapoanza kujifunga lenyewe. Utengenezaji wa Lancer Evolution ulikoma katikati ya mwongo uliopita. WRX STI yenye gia za mkono iliagwa katika soko la Japani kwa toleo la magari 555 lililotangazwa 2019. WRX S4 iliyoirithi 2021 ilipozinduliwa nchini humo iliuzwa na giaboksi ya otomatiki pekee.

Kwa hesabu ya miaka minane, gari lililosajiliwa kwa mara ya kwanza 2019 mwisho wake wa kuingia nchini ni 2026, na la 2020 mwisho wake ni 2027. Baada ya hapo, atakayeitaka STI hiyo ya klachi atalazimika kulitafuta miongoni mwa magari ambayo tayari yamo nchini, mengi yakiwa yamepita katika mikono ya vijana wasioyaonea huruma.

Kwa hivyo mnunuzi anayesitasita anafaa kujiuliza maswali matatu kabla ya kutoa pesa zake.

La kwanza ni kuhusu barabara. Anayeamka alfajiri kila siku kukabiliana na msongamano wa Thika Road au Mombasa Road atachoka mguu wa kushoto kabla ya kuchoshwa na kazi. Huyo otomatiki inamfaa. Anayeliweka gari la spoti kwa safari za wikendi, akipanda na kushuka miteremko ya Bonde la Ufa, klachi itamlipa. Kwenye mteremko kama ule wa Mai Mahiu, gia ya chini huizuia gari kwa nguvu za injini na kuziokoa breki zisichemke. Otomatiki nyingi za kisasa zinaweza kufanya hivyo pia, lakini sharti dereva akumbuke kuiamuru.

Swali la pili ni kuhusu fundi. Klachi ikiisha, fundi stadi wa Grogan huishusha giaboksi, akabadilisha sahani na beringi, na gari likarudi barabarani. Giaboksi ya klachi mbili au ya mkanda haina huruma hiyo. Inahitaji mafuta yake maalum, kompyuta ya kuichunguza, na mtu aliyesomea kazi hiyo. Ikiharibika, mara nyingi huondolewa nzima na nyingine kununuliwa. Kupanda mchongoma ni rahisi, kushuka ndio ngoma.

La tatu ni mfuko, na hapa uchunguzi wa mapema huokoa mengi. Kwa gari la klachi, mnunuzi alijaribu kwenye mlima akiwa katika gia ya juu. Injini ikipanda mlio ilhali mwendo hauongezeki, klachi imekwisha. Gia ya pili au ya tatu ikikwaruza inapoingia, ndani kuna ugonjwa. Kwa otomatiki, aangalie kama gari hukawia kabla ya kushika gia, kama hushtuka linapobadilisha, na kama mafuta ya giaboksi yana rangi nyeusi au harufu ya kuungua. Mojawapo ya dalili hizo inatosha kumfanya aondoke na fedha zake.

Kuna pia suala la ujuzi wenyewe. Leseni ya kundi B1 humruhusu mwenye nayo kuendesha gari dogo la otomatiki, na vijana wanaojifunzia magari ya aina hiyo wanaweza kufikia utu uzima bila kukanyaga klachi. Kwao, gari la spoti la gia za mkono litakuwa shule mpya, na shule hiyo haifai kufunguliwa katika gari lenye nguvu za farasi 300. Afadhali aanze na gari dogo, ajifunze kwanza, kisha apande ngazi.

Isitoshe, mjadala wote unaweza kumezwa na magari ya umeme, ambayo mengi hayana gia za kubadilisha. Hata huko, lakini, watengenezaji wamegundua kwamba dereva anakosa kitu. Hyundai Ioniq 5 N iliyozinduliwa 2023 inaiga gia nane na mshtuko wake, ingawa ndani hakuna gia hizo. Ni ushahidi kwamba kile kinacholiliwa na wapenzi wa klachi si mapenzi ya ukale tu.

Mwenye kutaka ushindi wa saa basi achague otomatiki bila kuona haya, maana kasi imo humo. Mwenye kutaka kuliendesha gari kwa akili, mkono na mguu achague klachi, na asikubali kuchekwa kwa nusu sekunde. Kosa kubwa ni la yule atakayechagua ili awafurahishe marafiki wa maegeshoni, kwani hao hawatakuwepo siku gari litakapokwama kwenye foleni, wala siku fundi atakapotaja bei.