Posho si ujira

Baadhi ya walimu wetu wamekwenda kufundisha Kiswahili nje ya nchi, na wengine wanajiandaa. Tunawaombea safari njema. Habari ya mshahara hatuigusi, kana kwamba kutaja fedha parokiani ni dhambi.

Hapa Tabora tuna wa kujifunza kwao. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo, mwendo wa miezi mitatu hivi, wakilipwa vitambaa vya merikani. Walipewa posho ya kununulia chakula njiani. Ujira ulikuwa kitu kingine: huo ulirudi nyumbani, na wapo waliougeuza kuwa ng'ombe. (Neno posho tunalo hadi leo, ile tofauti ndiyo tumeisahau.)

Mwalimu wa leo hupokea vyote kwenye akaunti moja, na simu za nyumbani hazikatiki: ada, msiba, mabati, harusi. Namfahamu mmoja aliyefundisha ughaibuni miaka sita akiitikia kila ombi. Alirudi na sanduku la nguo. Ndugu walewale sasa wanamwita mjinga.

Kwa maoni yangu, siku mshahara unapoingia akiba itengwe kabla simu ya kwanza haijalia, iwekwe SACCOS au benki kwa jina lake mwenyewe. Fungu la wazazi liwe kiasi kinachojulikana. Huo si uchoyo. Nasi tuliobaki, kabla ya kumpigia, tuulizane kwanza katika jumuiya ndogondogo sisi wenyewe tunaweza kuchanga nini.