SUFURIA YA UMEME INAYOPIKA TARATIBU: NUNUA AU ACHA? (Sehemu ya 4)

Wapendwa, wengi mmeniuliza kama hii sufuria ina maana au ni kupoteza hela tu. Jibu langu: kama umeme kwako haukatiki ovyo na unaingia zamu kama mimi, nunua. Ya wati 200 ikikaa masaa 8 haimalizi hata uniti 2. Unatoka zamu ya usiku miguu inawaka moto, unakuta makongoro yameiva, unasonga ugali tu.

Ila jamani, maharage mekundu msiyatie humo mabichi! Yana sumu ya asili inayoharibiwa na maji yanayotokota, na hii sufuria ikiwa moto mdogo inaweza isifike huko. Ukiyala hivyo, baada ya masaa machache ni kutapika na kuharisha. Loweka usiku kucha, mwaga maji, weka mapya, yatokote jikoni dakika 30, ndipo uhamishie humo.

Na wewe unayesema, "Mkaa unanitosha, nayaacha jikoni ndani tukiwa tumelala," hapo nakukatalia kabisa. Mkaa kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Hukohoi, hushtuki, asubuhi majirani wanavunja mlango. Hakuna maharage yenye thamani hiyo.

Huna hela ya sufuria? Yachemshe jioni ukiwa macho, nje, zima mkaa ndipo ulale. Kiporo kipashe moto mpaka kitokote.

Mwambie na jirani yako.