Kabla ya Kuchagua Siku ya Miadi ya Pasipoti

Kila zinapokaribia likizo, jamaa huniuliza kutoka Unguja, Mombasa na London swali lile lile: miadi ya pasipoti hupatikana vipi, na iombwe siku ngapi kabla? Swali ni la haki, ila naona linaanzia mwisho. Siku ya miadi huchaguliwa mtandaoni kwa dakika chache. Kinachomrudisha mtu nyumbani mikono mitupu ni mambo yaliyopaswa kumalizwa miezi mingi kabla, sebuleni, mbele ya wazee. Rai yangu ni kwamba katika familia zilizotawanyika kama zetu, maandalizi ya pasipoti ni kazi ya ukoo mzima, na yapasa ifanywe wazee wakiwa hai.

Sisi wenye asili ya Sur tuna sababu ya kulielewa jambo hili mapema kuliko wengine, kwani mji wetu uliwahi kufikishwa mahakamani kwa ajili ya hati za kusafiria. Katika karne ya 19 baadhi ya wenye majahazi wa Sur walipata kwa Wafaransa hati na ruhusa ya kupandisha bendera ya Ufaransa. Bendera ile iliwakinga na upekuzi wa manowari za Uingereza zilizokuwa zikizuia biashara ya watumwa. Na tuseme kweli, wapo walioitumia kwa biashara hiyo hiyo. Mzozo wa Uingereza na Ufaransa juu ya hati hizo ulipelekwa kwenye Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi huko The Hague, na hukumu ikatolewa tarehe 8 Agosti 1905.

Wasuluhishi waliamua kwamba kuanzia tarehe 2 Januari 1892 Ufaransa haikuwa tena na haki ya kuwapa raia wa Sultani wa Maskati ruhusa hiyo, isipokuwa wale waliothibitika kuwa chini ya himaya yake kabla ya mwaka 1863. Waliokwisha kuipata kabla ya tarehe ile ya 1892 waliachiwa, lakini ruhusa yenyewe haikuweza kuhamishiwa mtu mwingine wala jahazi jingine. Tena bendera ile haikumtoa mwenye chombo, mabaharia wake wala watu wa nyumbani kwake katika mamlaka ya Sultani. Ukiyatafakari hayo leo, utayaona maswali yale yale unayoulizwa dirishani: hati hii ni ya nani, ilitolewa lini, na wewe una uhusiano gani na aliyetajwa humo?

Tangu wakati ule dola zimebadilika wazee wetu wakiwa pale pale. Aliyezaliwa Unguja mwaka 1950 alizaliwa chini ya Sultani katika himaya ya Waingereza. Tarehe 10 Desemba 1963 nchi yake ikawa huru. Tarehe 12 Januari 1964 yakatokea Mapinduzi. Na tarehe 26 Aprili mwaka huo huo ikaungana na Tanganyika. Ndugu yake aliyevuka bahari kuja huku aliikuta nchi iliyoitwa Maskati na Oman, ambayo mwaka 1970 ilibadilishwa jina kuwa Usultani wa Oman, Sultani Qaboos alipowaita Waomani walioko nje warejee. Hivyo watoto wa mama mmoja wakawa na vyeti vyenye majina ya nchi tofauti, pasipo hata mmoja wao kusema uongo.

Majina ya watu nayo yakafuata njia hiyo hiyo. Unguja mtu huandikwa kwa majina matatu: lake, la baba na la babu. Oman huongezwa mababu na kabila. Karani wa kule aliandika Seif, Abdalla na Khamis. Wa huku akaandika Saif, Abdullah na Khamees. Kwa sikio letu ni majina yale yale, lakini kwa mashine ni watu tofauti. Kanuni za kimataifa zimelitengea jina nafasi 39 tu katika sehemu ya chini ya pasipoti isomwayo na mashine, pamoja na alama za kutenganisha. Jina la mababu watano na kabila halienei hapo, nalo litakatwa. Ni heri familia ielewane mapema juu ya tahajia moja na mpangilio mmoja, kuliko kila mtoto kuandikishwa kwa namna yake.

Nitataja lililotokea kwetu. Babu yangu aliishi hapa Sur; dada yake alibaki Unguja. Kwa miaka mingi walisikilizana kwa simu tu, mpaka bibi alipoamua kuja kumwona kaka yake, ambaye afya yake ilikuwa imeanza kudhoofika. Katika cheti cha kuzaliwa cha bibi, baba yao aliandikwa kwa jina la utani alilojulikana nalo bandarini. Katika kitambulisho chake aliandikwa kwa jina halisi. Alitakiwa athibitishe kwamba watu hao wawili ni mtu mmoja, na karatasi zake zikarudishwa mara mbili. Uthibitisho ulikuwepo: hati ya ndoa ya wazazi wao, yenye majina yote mawili, ilikuwa katika sanduku la babu hapa Sur. Babu hakujua kwamba inatakiwa, na dada yake hakujua kwamba ipo. Pasipoti ilipotoka, arubaini ya babu ilikuwa imekwisha kusomwa. Bibi alikuja, akakaa siku tisa, akalizuru kaburi, akarudi kwao.

Simlaumu karani kwa hayo, kwani hakuwa na njia ya kukisia kilichomo sandukuni kwa mtu aliye ng'ambo ya bahari. Kazi ya kukisia ni yetu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi mali yetu kubwa ni hao jamaa waliotapakaa pwani mbili.

Lipo na jambo jingine ambalo fomu hizi hutufundisha, japo hazikukusudia. Shajara za nasaba tunazojivunia, zile zilizoandikwa kwa wino mweusi na kutundikwa ukutani, zimejaa majina ya wanaume. Fomu ya pasipoti ya Tanzania huuliza habari za baba, kisha huuliza za mama: jina lake na mahali alipozaliwa. Nimeona watu wazima wenye kuhesabu mababu kumi bila kusita, wakanyamaza walipoulizwa jina la baba wa bibi yao. Na katika nyumba zetu wamo bibi walioingizwa humo bila ya hiari yao, wakapewa majina mapya, na baba zao hawakuandikwa popote. Tukikaa kujaza sehemu ile, tuseme tunachokijua kwa ukweli. Palipo pengo na pabaki pengo, au paelezwe kwa kiapo mbele ya mwenye mamlaka. Pasibandikwe jina la kuazima kwa ajili ya heshima ya ukoo.

Basi napendekeza kila familia iwe na daftari moja. Kila mzee aandikwe humo: jina aliloitwa Unguja, jina lililo katika hati za Oman, mahali alipozaliwa, wazazi wake wote wawili, na hati asilia ipo kwa nani. Nakala za picha zihifadhiwe nchi mbili. Cheti kilichoandikwa kwa Kiarabu kitafsiriwe na mfasiri anayetambulika, kabla ya siku kuchaguliwa. Suala la uraia nalo lijadiliwe bila kificho, maana sheria hazifanani: Tanzania haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa pili, Oman huukataza isipokuwa kwa idhini maalumu, na Kenya iliuruhusu kwa raia wa kuzaliwa kupitia Katiba ya 2010. Hapo tena ndipo pa kuomba miadi. Anayetoka Sur kwenda ubalozini Muscat ana safari ya takriban kilomita 200. Akiwa na mzee, walale huko usiku wa kuamkia siku yenyewe. Na pasipoti ya zamani isingojwe mpaka ife, kwa kuwa nchi nyingi hutaka iwe na muda wa miezi sita mbele.

Wapo watakaosema kwamba haya ni kujitaabisha, kwani siku hizi vituo vya Sanad vipo na mtu hulipa akajaziwa fomu. Ni kweli, na huduma hiyo ina faida kwa wasioweza kuchapa. Lakini anayechapa huchapa alichopewa. Wengine watasema wazee huchoka kwa maswali. Niliowauliza mimi hawakuchoka. Waliomba chai, wakaongeza na yale ambayo sikuyauliza.

Kwa hiyo, jamaa yangu unayekusudia kusafiri msimu ujao, kabla hujafungua tovuti mpigie simu mzee aliyebaki katika nyumba yenu. Muulize jina kamili la mama yake, alizaliwa mtaa gani, na karatasi zake zipo kwa nani. Yaandike jioni hiyo hiyo, kisha watumie ndugu zako wote.