Mteja anayerudi ndiye anayemfunza fundi viatu

Mgeni akinunua makubadhi ya shanga Mtaa wa Gizenga, huyavaa Nungwi siku mbili tatu, akayatia kwenye begi, akapanda ndege. Gidamu likikatika, litakatikia Milano au Warsaw, na fundi hatapata habari zake. Mimi soli ikiniachia, kesho yake asubuhi nimesimama mbele ya fundi wangu nyuma ya Darajani, kiatu mkononi, na wateja wengine kwenye baraza wanasikiliza. Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaosema kazi ya ngozi Unguja itaokolewa na watalii. Watalii wananunua, ndiyo, lakini hawarudi kulalamika. Na fundi asiyelalamikiwa hushona kiatu cha kutazamwa.

Kazi yangu ni kutembeza wageni Mji Mkongwe, na kazi hii ni miguu. Tunaanzia Forodhani, tunapita Hurumzi na Kiponda, tunatokea Mkunazini kwenye Kanisa la Anglikana, palipokuwa soko la watumwa, tunamalizia sokoni Darajani. Masika yakishika, baadhi ya vichochoro havipitiki bila ya kukanyaga maji. Kaskazi likivuma, jasho linashuka mpaka nyayoni. Wenzangu wengi wanavaa raba na viatu vya plastiki. Mimi navaa buti fupi za ngozi ya ng'ombe, zimeshonwa kwa mkono papa hapa mjini, na sina siku ninayovaa kiatu kingine kazini.

Watu huniuliza, buti katika joto hili? Ndiyo, khasa katika joto hili. Ngozi hunywa jasho na kupitisha hewa, plastiki hulifungia ndani mpaka mguu ukachachuka. Ila buti la Unguja halitakiwi kuwa kama la Uingereza. Huku kwetu kiatu kinavuliwa kila mlango. Anayeswali jamaa msikitini ameshavua mara tano kwa siku kabla hujahesabu nyumba alizokaribishwa, chuo cha Qur-ani alikompeleka mtoto, na matanga aliyokwenda kuhani. Nani atainama kufunga kamba mara zote hizo? Makubadhi ya wazee wetu yalilijua hilo: mguu unaingia na kutoka bila ya mkono kugusa. Kwa hiyo fundi wangu alikata shingo ya buti chini ya kifundo, akapachika mipira mipana ubavuni. Natumbukiza mguu, nakwenda. Nikifika msikitini navua kwa kukanyaga kisigino kwa mguu wa pili.

Alivyozishona ningependa kila mnunuzi wa viatu aone. Alinisimamisha juu ya kipande cha boksi, akazungusha kalamu kwenye nyayo zote mbili, kwa kuwa mguu wangu wa kulia ni mpana zaidi. Akachukua kalibu ya mbao, akaigandishia vibanzi vya ngozi pale mguu ulipozidi. Ngozi ya juu akailowesha, akaivuta juu ya kalibu kwa koleo, akaikaza kwa misumari midogo, akaiacha ikauke kivulini mpaka ikashika umbo. Kisha uzi. Anaupaka nta, anatia sindano mbili, moja kila ncha, na kila tundu linapitiwa na sindano zote mbili kutoka pande mbili. Uzi wa upande mmoja ukikatika, wa pili bado umeshika. Cherehani haishoni hivyo. Soli nayo imeshonwa kwanza, halafu chini yake kimebandikwa kipande cha tairi ambacho kikiisha kinang'olewa na kuwekwa kingine, ngozi ya juu ikabaki ile ile.

"Gundi peke yake, mwanangu, mjini hapa haikai," aliniambia. "Joto linailegeza, maji ya chumvi yanaimaliza."

Tairi sasa ni la pili, na ngozi ni ile ya mwanzo. Nilimlipa Sh 90,000. Viatu vya plastiki vya Sh 15,000 vinavyouzwa Darajani, kwa mwendo wangu, havimalizi msimu. Hesabu hiyo anaweza kuifanya mtu yeyote, na bado wengi wetu tunaukimbia ule mwanzo mkubwa. Nalielewa hilo, pesa hazipatikani kwa mkupuo. Ndiyo maana fundi wangu hupokea kidogo kidogo, na wewe unachukua kiatu ukimaliza. Duka la jumla halikupi muda huo.

Yupo atakayesema kazi ya mkono ni ndogo, nchi inahitaji viwanda. Basi tukumbuke Kiwanda cha Viatu cha Morogoro. Kilijengwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na mpango ulikuwa sehemu kubwa ya viatu vyake iuzwe Ulaya. Mashine zilikuwa mpya kabisa. Kuta zilikuwa za alumini na jengo halikuwa na njia ya kupitisha hewa, katika joto la Morogoro! Hakikuwahi kufika hata asilimia 5 ya uwezo wake, na mwaka 1990 uzalishaji ukasimama. Sababu zilikuwa nyingi, na wachumi wameziandika. Ninayoiona mimi ni kwamba mteja aliyekusudiwa alikuwa mbali mno. Hakuna mtu wa Morogoro aliyekuwa akingoja nje ya geti na kiatu kilichombana.

Mbali na mteja, kilichobaki, yaani malighafi na ufundi, tunacho. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30. Dawa ya kutengenezea ngozi inayotokana na magome ya miwati inatengenezwa Njombe, na kampuni iliyopo huko tangu 1949, na nyingine inapelekwa nje ya nchi. Magome ya mikoko ya pwani hii yaliwahi kupakiwa melini kwenda Ulaya kwa kazi hiyo hiyo ya ngozi. Moshi, pale Karanga, Magereza wanashona buti zao wenyewe pamoja na za kuuza. Fundi wangu huagiza ngozi Dar, inavuka na boti, anailipia nauli kama abiria.

Wala tusikae kungojea sheria ya kuzuia mitumba. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuondoa nguo na viatu vya mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kutuondolea nafuu za AGOA, za kuuza bidhaa kwao bila ushuru, na nchi zetu zikarudi nyuma, isipokuwa Rwanda, ambayo mwaka 2018 ilisimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa nguo. Mitumba iko na itakuwepo. Mteja wa fundi lazima atoke kwa hiari yake.

Nani wa kuanza? Sisi watembeza wageni, kwanza. Tunawaeleza watu milango ya Kihindi na ya Kiarabu na ufundi wa mikono uliojenga mji huu, na miguuni tuna plastiki. Wageni wanaona. Hoteli za Shangani na za pwani ya mashariki zinawavalisha wafanyakazi wao sare. Walinzi na wahudumu wanaosimama usiku kucha wanastahili kiatu kilichopimwa kwa mguu wao. Na kiatu cheusi cha skuli: mtoto anakua, ni kweli, lakini kikishonwa vizuri kinarithiwa na mdogo wake, na mzazi wa Kikwajuni ni mkali kuliko mkaguzi yeyote wa viwango. Akipewa wazazi mia wa namna hiyo, fundi atajifunza haraka.

Lipo jambo jingine ambalo halihitaji bajeti. Kila Idd el-Hajj tunachinja, na ngozi nyingi zinafukiwa au zinaoza karibu na jaa. Sheria ya udhiya tunaijua: mwenye kuchinja haiuzi ngozi wala hamlipi nayo mchinjaji, huitumia au huitoa sadaka. Pakistan, taasisi ya Edhi imekuwa ikizikusanya ngozi za Idd kwa ajili ya kazi zake za hisani. Hapa petu wapo vijana wanaosomea ufundi chini ya Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, na wapo mafundi wazee wanaotaka wanafunzi. Wapewe ngozi hizo. Aliyetoa ngozi ya mbuzi wake atapita siku moja kuuliza imekuwa kiatu cha nani, na swali hilo litawanyoosha wanafunzi kuliko cheti.

Ngozi haingoji, joto letu linaiharibu kwa saa chache. Mchinjaji asiitoboe kwa kisu. Ioshwe, itandazwe kivulini upande wa nyama juu, isuguliwe chumvi papo hapo. Ya mbuzi inatosha kilo moja ya chumvi, ya ng'ombe inataka gunia dogo. Misikiti ikitangaza kwenye khutba ya Ijumaa ya kabla ya Idd kwamba ngozi zipelekwe mahali fulani kabla ya adhuhuri, na mahali hapo pakawa na chumvi na mtu wa kuzipokea, Idd ile ile tutakuwa na ngozi za kuanzia.