MPITA NJIA WA LODUARE SI MTALII

Kila asubuhi, na hasa kati ya mwezi Julai na Septemba, magari hupanga mstari mbele ya lango la Loduare, juu ya mji wa Karatu. Yamo magari ya watalii wanaokwenda kushuka kreta. Yamo malori ya vyakula na vifaa vya hoteli. Na yamo mabasi yatokayo Arusha kuelekea Musoma kwa njia ya Serengeti. Wote hungoja lango moja, lakini haja zao si moja. Hapo ndipo lilipo jambo tunalotaka kulisema leo.

Hatupingi kiingilio. Hifadhi ya Ngorongoro, iliyoundwa mwaka 1959, ina eneo la kilometa za mraba zipatazo 8,300, na kuilinda kwahitaji fedha. Mgeni aliyevuka bahari kuja kutazama fahari ya nchi yetu ni insafu achangie gharama za kuitunza. Tena malipo hayo yana kazi ya pili, nayo ni kuongoza mwendo wa watu. Kwa kuwa gari linaloshuka kreta hulipiwa kama gari, wenye safari huona heri kujaza viti kuliko kupeleka magari mawili. Kwa kuwa kibali huhesabiwa kwa saa 24, madereva huipanga safari yao kwa kutazama saa.

Lakini ushuru unaofuata saa huzaa msongamano wake wenyewe, kwani kila mtu hutaka kuingia mapema ili kibali kimfae. Singapore iliyaona hayo ilipoanza, mwaka 1975, kuyatoza magari yaliyoingia katikati ya mji wakati wa asubuhi. Magari yalipungua sana katika saa za ushuru, ila wengi waliwahi kupita kabla ya saa hizo kuanza. Hata hivyo wenzetu hao walifanya jambo moja la busara: gari lililobeba watu wanne au zaidi halikutozwa, na mabasi yaliongezwa kwa ajili ya walioacha magari yao nyumbani. Kwa maneno mengine, aliyezuiwa njia hii alionyeshwa njia nyingine.

Huo ndio msingi wa haki katika ushuru wa barabara. Hapa kwetu, Daraja la Nyerere la Kigamboni lilipofunguliwa mwaka 2016 na magari yakatakiwa kulipa, kivuko cha Magogoni hakikuondolewa. Mwananchi alipima mwenyewe fedha yake, muda wake na urefu wa foleni, kisha akachagua.

Je, abiria wa Mara apitaye Karatu anachagua nini? Akipita Loduare, hukuta viingilio vya hifadhi mbili, Ngorongoro na Serengeti, juu ya nauli yake, ingawa hakuja kutazama simba bali anakwenda kumzika mzazi au kurudi kazini. Akikataa, hana budi kuzunguka kwa Babati, Singida, Shinyanga na Mwanza, safari ya mamia ya kilometa zaidi. Huko si kuchagua. Ushuru usiomwachia mtu njia ya pili haumwongozi, unamwadhibu. Na hata mkazi wa Nainokanoka anayeteremka kuja mnadani Karatu, akishikwa na foleni ile, amelipa kwa saa zake.

Wapo watakaosema dawa ni kupitisha lami katikati ya Serengeti. Shauri hilo lilitolewa mwaka 2010, likazua ubishi mkubwa, na mwaka 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki ikaizuia barabara hiyo ya lami. Sisi tunaliafiki katazo hilo, kwa sababu nyumbu hawajui lango wala kibali, na mali hii ni amana ya watoto wetu.

Dawa iko kusini. Barabara ya Karatu, Mbulu, Haydom, Sibiti, Lalago hadi Maswa inazizunguka hifadhi, inapita katika mashamba na vijiji vya wakulima na wafugaji, na daraja la Mto Sibiti limekwisha kujengwa. Sehemu yake kubwa bado ni vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Barabara hiyo ikikamilika kwa lami, malori na mabasi yataiacha Loduare yenyewe, bila kufukuzwa na askari.

Wakati tukiingoja, tunashauri basi lenye leseni ya njia ile lipewe hati ya kupita, igongwe muhuri wa saa pale linapoingia na pale linapotoka, na abiria wake raia wasitozwe kama watazamaji. Atakayesimama njiani kutalii, saa zitamsuta, naye alipe. Vilevile mabasi na malori yatengewe mstari wao langoni.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Watalii wamekuja, nasi tunawashukuru. Wenye madaraka na wahakikishe kwamba mwenyeji naye anapona, na kwamba hahesabiwi kuwa mgeni katika barabara ya nchi yake.